Sungura Wangu Alipopimwa Kama Mbuzi

Naanza na masikio, maana hapo ndipo damu yangu huchemka kwanza. Mtu mzima mwenye akili zake anapanda mpaka juu ya paa letu hapa Mchafukoge, anawaona sungura bandani, na kabla hata hajaniuliza hali anatia mkono, anamnyanyua mnyama kwa masikio na kumtikisatikisa hewani apate kujua uzito wake. "Huyu kilo mbili anafika." Nimeshawafukuza watu kwa kosa hilo. Nimemfukuza fundi wa madishi. Nimemfukuza jirani wa ghorofa ya pili, mtu tuliyeishi naye tangu baba yangu yu hai. Na siku moja nilimfukuza binamu yangu aliyekuja kunisalimia na halua mkononi. Halua nilibaki nayo.

Kariakoo, kwenye soko la kuku, mnunuzi anapapasa kidari, anamgeuza kuku juu chini, kazi imekwisha. Sawa, huyo ni kuku na anakwenda chunguni. Sungura wa maonyesho hapimwi hivyo, na hasa sungura mtoto, ambaye leo anaonekana hivi na wiki ijayo ameshabadilika. Unamweka juu ya meza iliyotandikwa zulia asiteleze. Unampanga: miguu ya mbele ikae chini ya macho, vidole vya nyuma chini ya nyonga. Humvuti, humkandamizi. Akishatulia, unapitisha kiganja kuanzia shingoni. Mgongo unatakiwa uanze kupanda palepale nyuma ya shingo, upande taratibu bila shimo wala kingo, ufike kilele juu ya nyonga, kisha ushuke kwa mviringo hadi mkiani. Ukimtazama kwa ubavu, uone nusu ya chungwa. Ukimtazama kwa juu, mabega yakaribie kulingana na nyonga kwa upana. Mgongo bapa ndio kasoro. Mgongo wa duara ndio sifa yenyewe, ndicho kitu ambacho wafugaji tunakesha tukikitafuta.

Sasa niseme na la pili, tena mapema, usije ukalisikia kwa mwingine. Mimi nina kibiongo. Sikuanguka, sikurogwa, ingawa yote mawili yamesemwa. Nilipokuwa msichana mfupa wa mgongo ulianza kujipinda, ukaendelea kujipinda, na ulipomaliza nikawa hivi nilivyo. Nguo za mitumba pale Mchikichini sinunui, kwa sababu gauni lolote likinikaa vizuri mbele, nyuma linapanda mpaka aibu. Najishonea mwenyewe. Kaka yangu ana duka la uzi na vifungo Kariakoo. Yeye anakaa mbele na wateja, mimi nakaa nyuma na cherehani langu, na kazi zangu zinajulikana mpaka Magomeni.

Neno lenyewe, kibiongo, silichukii. Ni neno la Kiswahili kama mengine. Kinachonikera ni kile kinachofuata baada ya neno. Mtu akilitamka mbele yangu, hata kama alikuwa anazungumzia ngamia, anashtuka, anaziba mdomo, halafu anaanza kunihurumia. Ananipisha kiti. Ananisifia baibui. Nilipokuwa mdogo madrasa yetu ilifanya mashindano ya kusoma, nami siku hiyo nilivurunda vibaya. Niliruka aya, nikarudi, nikakwama, mwalimu akanikumbusha, nikakwama tena. Zawadi ya kwanza nikapewa mimi, mswala mzuri wenye nyuzi za dhahabu. Msichana aliyesoma bila kosa alikaa nyuma yangu analia, na mwanamke mmoja, nikamsikia kwa masikio yangu, akamwambia, "Nyamaza, mwenzio maskini." Mama aliuhifadhi ule mswala kabatini kwa fahari. Mimi sijausalia hata siku moja, na sina mpango huo.

Sungura walinijia kwa bahati. Mteja mmoja wa Magomeni alihama nyumba, akaniachia jike lake jeupe, tayari lina mimba, lenye masikio meusi na pua nyeusi, aina ile tunayoiita Kalifonia. Nikamweka juu ya paa, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Jioni napita sokoni naokota majani ya karoti na mchicha wanaoutupa, namletea. Baadaye nikaingia kwenye kikundi cha wafugaji cha simu, nikaanza kuangalia video, nikajifunza kupanga na kupapasa. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alikuwa anasema, "Wenzako wanaangalia tamthilia, wewe unaangalia makalio ya sungura." Namwambia aniache. Mikono yangu inajua mwili. Nimeshona watu wa kila umbo, na mgongo naujua kuliko wanavyoujua wengi.

Yule jike alikufa kwa joto la Februari. Wanawe, kwa umbo, hawakuwa wa kuweka: mmoja mgongo bapa, mwingine nyonga zimechongoka, mfupa unauhisi kwa kidole. Isipokuwa binti mmoja. Huyo nilipompanga mara ya kwanza mezani na kupitisha mkono, nilirudia, nikarudia tena. Mgongo ulipanda na kushuka bila kukosea popote. Ndiye peke yake niliyetaka azae, na bila yeye uzao wa mama yake ulikuwa umefika mwisho.

Lakini dume sikuwa nalo. Dume zuri ni la kikundi, na kikundi kina sheria yake: jike mdogo lazima kwanza apite kwenye maonyesho, na akitajwa kuwa na kasoro ya umbo, dume hapewi. Sheria nzuri, niliiunga mkono mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile nilipombeba kwenye kikapu, na wifi akinifuata na mwavuli, nilijua ninachokwenda kukitafuta. Utepe wa mshindi ulikuwa pambo tu. Nilitaka mtu anayejua aseme kwamba binti huyu anafaa kuzaa.

Maonyesho yalifanyika uani kwa ukumbi wa harusi. Maua ya plastiki ya jana yake yalikuwa bado yananing'inia. Tuliahidiwa bwana mifugo mwenye ujuzi wa sungura. Asubuhi hiyohiyo akapata udhuru. Badala ya kuahirisha, katibu wetu, fundi simu wa Kariakoo anayependa kipaza sauti kuliko anavyopenda sungura, akatuletea mzee mmoja ambaye mtaani kwetu wote tunamwita ami. Ami ni mchuuzi wa mbuzi. Ikikaribia Idi ya kuchinja, familia nyingi za Mchafukoge hazinunui mbuzi mpaka ami amemtazama na kusema hana kasoro. Mbuzi wa udhiya hatakiwi kuwa chongo, hatakiwi kuchechemea, hatakiwi kuwa mgonjwa wala kukondeana, na katika kuyaona hayo ami hana mpinzani. Baba yangu alimwamini, na mimi kwa upande wa mbuzi namwamini mpaka leo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Ami, sungura umewahi kuwapima?"

"Mnyama ni mnyama," alisema, akakunja mikono ya kanzu.

Nikaanza kuona mambo. Sungura wa kwanza alifunguliwa mdomo ami amwangalie meno kama yameshabadilika. Sungura wa pili alishikwa pembe, yaani alitafutwa pembe, mkono wa ami ukaenda wenyewe kwa mazoea ukakuta masikio. Wawili watatu wenye migongo bapa akawasifia kwamba wamenyooka. Kisha, kwa mwingine, akasema, "Mtembezeni nimwone." Sungura kutembezwa! Akawekwa chini, akaruka mara mbili, akaingia chini ya makreti ya soda, na watu wakahangaika kumtoa. Ami akatikisa kichwa: "Huyu miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, siwezi kukataa, kwa sababu zamu yangu ilikuwa bado.

Zamu yangu ikafika. Nikampanga binti yangu juu ya zulia, akatulia vizuri kama nilivyomfundisha. Nikarudi nyuma. Ami akamtazama kwa ubavu, akakunja uso. Akamshika kifuani kwa mkono mmoja na nyuma kwa mkono mwingine, akamnyoosha. Alipomwachia, sungura akarudi kwenye duara lake. Ami akamnyoosha tena. Akarudi tena. Hasira zilinipanda, maana kile alichokuwa anakivuta ili kiondoke ndicho nilichomleta aje akione.

"Mgongo huu haunyooki," ami akasema. "Huyu ana kibiongo. Kasoro."

Katibu naye, kwa raha zake, akalipeleka neno kwenye kipaza sauti: "Huyu wa sasa amepatikana na kibiongo, wapendwa! Kasoro ya maumbile!"

Halafu wote wakaniona.

Ile hali naijua. Watu wanaanza kutazama chini. Katibu alishusha kipaza sauti taratibu. Wifi alinishika kiwiko. Nami nakwambia kweli, wakati huo nilikuwa sina habari na mgongo wangu hata kidogo. Nilikuwa na hasira za kitaalamu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze ami kwamba huo anaouita kibiongo ndio umbo lenyewe, na kwamba wale bapa aliowasifia kabla yake ndio wa kurudishwa nyumbani. Ningesema kwa adabu au bila adabu, lakini ningesema habari za sungura.

Sikupewa nafasi. Ami aliniona, uso ukambadilika, akashika kichwa.

"Astaghfirullah! Mwanangu, samahani sana. Wallahi sikukukusudia wewe. Ulimi tu huu."

"Ami, mimi sina neno. Hebu..."

"Hapana, hapana, nimekosa. Mzee wako alikuwa rafiki yangu." Akamgeukia katibu. "Huyu sungura mzuri sana, mashaallah. Tena huyu ndiye wa kwanza. Leteni utepe."

Na watu wakapiga makofi! Makofi makubwa, ya watu waliofurahi kwamba aibu imefunikwa. Katibu akapata sauti yake: "Mshindi wetu wa leo, mama wa sungura mweupe, apewe maua yake!" Utepe mwekundu ukafika kifuani kwangu kabla sijaelewa. Mwanamke mmoja akanibusu shavu. Mwanamume mwenye sungura mkubwa wa kijivu, mnyama mzuri, mwenye haki ya kuulizia nafasi yake, alinipungia mkono kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

Nimekasirika mara nyingi maishani, nami ni mtu wa hasira, kaka yangu ni shahidi. Lakini hasira ya siku ile ilikuwa na kiwango chake. Niliuona ule mswala wa nyuzi za dhahabu. Nilimsikia yule msichana nyuma yangu. Mnyama aliyekuwa na kasoro sasa hivi ameshakuwa wa kwanza, na hakuna mkono uliomgusa katikati! Kwa hiyo binti yangu hakupimwa alipokataliwa, na hakupimwa aliposhinda. Mara ya kwanza walimtazama kwa jicho la mbuzi, mara ya pili hawakumtazama kabisa, walinitazama mimi.

Nikaufungua utepe nikauweka mezani.

"Ami, nakuuliza kwa heshima. Sasa hivi umesema kasoro. Sasa unasema wa kwanza. Kimebadilika nini hapo katikati? Mgongo wake au wangu?"

Wifi akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Chukua utepe tuondoke. Si dume unapewa? Unataka nini tena?"

Swali lake lilikuwa la maana, nisimdhulumu. Nikiuchukua ule utepe, dume ni letu, binti anazaa, uzao wa mama yake unaendelea. Nikiukataa, ami akishikilia neno lake la kwanza, nimeyaharibu yote kwa mdomo wangu, na sitakuwa na wa kumlaumu. Nililijua hilo. Lakini pia nilijua kwamba kila mtoto wa sungura atakayezaliwa pale juu ya paa nitamwangalia na kujiuliza kama yupo kwa umbo la mama yake au kwa huruma ya watu juu yangu.

"Nataka apimwe," nikasema. "Kwa mkono. Ukimwona hafai, sema hafai, nitambeba nirudi naye nyumbani. Lakini umguse kwanza."

"Mwanangu, nimeshakuomba radhi..."

"Radhi sikuiomba! Sungura hajakosewa kwa jina, amekosewa kwa kipimo!"

Watu wakaanza kuguna. Nikasikia mmoja anasema, "Huyu mama hana shukrani, amepewa bado anafoka." Katibu akajaribu utani: "Dada, tulia basi, fresh tu, mbona kila kitu poa?" Nikamwambia akatengeneze simu. Ami akawa mwekundu. Nilimwona upole unamtoka kidogokidogo, na mahali pake ikaingia hasira ya mzee aliyeaibishwa mbele ya watu na mtoto wa rafiki yake.

"Wewe binti," akasema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "una kichwa kigumu. Haya, nionyeshe hicho kipimo chako."

Nikampanga upya. Nikamweleza kwa maneno machache: anza shingoni, fuata, usivute, jisikilizie kama mgongo unapanda bila kukwama. Mkono wake wa kwanza ulipita kwa woga, kama anagusa pasi ya moto, na haukusikia chochote. "Tena, ami." Wa pili ulipita polepole. Wa tatu, akafumba macho. Ile mikono imeshika mbuzi miaka yote. Ilipoelewa inaulizwa nini, ilianza kujibu yenyewe. Akaomba aletewe yule wa kijivu, akampanga nilivyompanga wangu, akapapasa. Akawaita wote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wale aliowasifia, na wawili kati ya hao niliona anawarudisha haraka bila kusema kitu. Hakuna aliyefunguliwa mdomo tena.

Mwisho akarudi kwa wangu. Akakaa naye muda mrefu.

"Mgongo," akasema, "hapa hakuna unaoushinda. Nilikosea."

Nilijua bado hajamaliza, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimesimama mahali, na mahali hapo nilipajua vizuri tangu siku binti alipoacha kunyonya.

"Lakini hapa," akabonyeza kidogo, "bega jembamba. Nyuma pana, mbele pamesinyaa. Hajalingana. Yule wa kijivu amelingana, na wa mama yule pale pia. Huyu wa tatu. Dume mpeni, kasoro ya kumzuia hana, ila mtafutieni lenye mabega mapana."

Wifi alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Katibu alitangaza wa kwanza, wa pili, wa tatu, safari hii kwa sauti ya kawaida. Mwenye sungura wa kijivu alichukua utepe wake bila kunitazama kwa upole, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, furaha ya kweli. Ningeweza kushukuru, nikambeba binti yangu kwenye kikapu, nikaondoka. Dume tulikuwa tumelipata.

"Bega si jembamba kiasi hicho, ami," nikasema.

"Ni jembamba."

"Bado mdogo. Litajaa."

"Halijai! Mbuzi mwenye bega hili nimemwona mara ngapi, halijai mpaka anachinjwa."

"Huyu si mbuzi!"

"Mfupa ni mfupa! Weka mkono hapa. Weka! Unasikia au umeziba vidole?"

Tuligombana pale mezani mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika, sungura katikati yetu akitafuna jani la karoti. Watu walianza kukunja viti, wifi alikwenda kukaa kivulini akachoka na kurudi, na ami hakulegeza hata neno moja. Aliniita mbishi. Aliniita mtu asiyeambiwa. Akasema baba yangu alikuwa na subira na hajui mimi ya kwangu niliiacha wapi. Nikamjibu yote. Samahani hakuniomba tena.